Nyumba ya Vipande: Ilikotoka, na Jinsi ya Kuitengeneza Isikufie

Safari hii tumeombwa na kina mama wawili wa Likoni na mzee mmoja wa Changamwe tueleze jambo moja: nyumba ya mbao na mabati iliyozeeka, je, ibomolewe au itengenezwe? Swali laonekana dogo, lakini kwa mtu ambaye nyumba hiyo ndiyo mali yake yote, si dogo hata kidogo. Mmoja wa kina mama hao alituambia hivi: "Kiwanja si changu. Nyumba ndiyo yangu. Nikiibomoa, nitabaki na nini?"

Basi tukauliza mafundi, tukasoma, tukaenda kutazama wenyewe. Kabla hatujafika kwenye nyundo na misumari, inafaa kwanza tujue nyumba za namna hii zilianzaje, kwa sababu asili yake ndiyo inayotufundisha namna ya kuzitengeneza.

NYUMBA KUUZWA KAMA CHEREHANI

Mwaka 1908 duka kubwa la Sears, Roebuck la mjini Chicago, Marekani, lilitoa kitabu cha bidhaa, yaani katalogi, ambacho ndani yake mlikuwa na nyumba. Duka hilo lilikuwa tayari likiuza kwa posta karibu kila kitu, cherehani, viatu, majembe. Mkulima wa mbali alikuwa akichagua kitu kitabuni, anatuma pesa, kisha anangoja gari moshi. Sasa akaweza kuagiza nyumba vilevile. Kampuni nyingine, Aladdin ya Bay City, Michigan, ilikuwa imeanza biashara hiyo tangu 1906.

Nyumba ilikuja ndani ya behewa ikiwa vipande vipande. Nyumba moja ya Sears ilikuwa na vipande kama 30,000 na ratili 750 za misumari, pamoja na rangi, milango, madirisha na kitabu cha maelezo chenye kurasa 75. Mbao zilikuwa zimekatwa kiwandani kwa kipimo, na kila ubao wa kiunzi ulipigwa muhuri wa herufi na nambari, ili mtu asiye seremala ajue kwamba huu unakwenda hapa na ule unakwenda pale. Sears wenyewe walitangaza kwamba nyumba yao moja ndogo ilichukua saa 352 za kazi ya useremala, mahali ambapo kwa mbao za kukatwa hapo hapo ingechukua saa 583. Hayo ni maneno ya muuzaji, na muuzaji hasifu mali yake nusu nusu. Lakini fundi yeyote atakwambia kwamba kukata na kupima ndiko kunakokula siku.

Waliuza nyumba kama 70,000 mpaka walipoacha mwaka 1940. Walikuwa wakiuza hata kwa mkopo. Hali ya uchumi ilipoharibika miaka ya 1930, watu wengi walishindwa kulipa, na kampuni ikajikuta inawanyang'anya nyumba wateja wake yenyewe. (Mambo ya mkopo wa nyumba hayakuanza kuumiza watu jana.) Hati za mauzo nazo zikapotea, kwa hivyo Wamarekani wanaokaa katika nyumba hizo leo huingia darini na tochi kutafuta zile herufi na nambari, wapate kujua kama nyumba yao ni ya katalogi au la. Wakizikuta hufurahi sana, maana wakijua nyumba ni ya aina gani waweza kuitafuta ramani yake na kuitengeneza sawasawa.

Jambo moja lishikeni, tutalirudia: mnunuzi alipaswa kuwa na kiwanja chake. Sears waliuza nyumba, hawakuuza ardhi.

NA HUKU KWETU JE?

Huku kwetu vitu vya vipande havikutoka Chicago, vilitoka Uingereza, na chuma kilikuwa kingi kuliko mbao. Bati la mikunjo lilibuniwa London na Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari, aliyepewa hataza yake mwaka 1829. Mwaka 1837 Mfaransa Sorel akapata njia ya kulipaka chuma zinki ili lisishike kutu upesi. Tangu hapo bati likasafiri duniani. Makampuni kama Boulton & Paul ya Norwich na William Cooper ya London yalikuwa na katalogi zao, na ndani yake palikuwa na mabanda ya kuku, nyumba za kuishi, hata makanisa mazima ya bati, tayari kupakiwa melini. Kibanda alichokaa Kapteni Scott huko Antaktika mwaka 1911 kilitoka kwa hao Boulton & Paul, na mpaka leo kimesimama huko kwa sababu kuna watu wanaokitunza.

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, karibu kila kitu kilishuka hapa kikiwa vipande: madaraja, injini, hata meli. Meli ya William Mackinnon ilitengenezwa Paisley, Scotland, ikafunguliwa, ikaletwa Mombasa kwenye masanduku, ikachukuliwa mpaka Kisumu na kuungwa tena, nayo ikaingia ziwani mwaka 1900. Wenzetu wa Kigoma wanayo ya kwao, Liemba, iliyotoka Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa masanduku 5,000. Ikiwa meli yaweza kuja hivyo, nyumba itashindwaje? Nairobi ilipoanza mwaka 1899 ilikuwa mji wa mbao na bati. Na hata sasa, ukipita kwenye kambi nyingi za polisi hapa Kenya, utaviona vile vibanda vya bati vya mviringo vinavyofungwa kwa bolti. Hizo nazo ni nyumba za vipande.

Lakini tusijidharau. Pwani yetu iliuza nyumba kwa vipande kabla ya wazungu kuchapisha katalogi yoyote. Miti ya mikoko ya Lamu ilikatwa ikapangwa kwa unene, na kila unene na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Majahazi yakaipeleka Oman, Bahrain, Kuwait. Mnunuzi wa huko hakuhitaji kuja kuiona, kwani akitaja jina tu, kipimo kimejulikana. Vyumba vya kale vya huko Ghuba ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Biashara hiyo ya kupeleka nje ilikatazwa na serikali ya Kenya mwaka 1982.

Hatusemi kila nyumba ya mbao na bati ya Changamwe au Kisauni ilitoka kwenye katalogi. Nyingi zilijengwa na mafundi wa hapa hapa, kwa mbao za masanduku na mabaki ya kazi. Lakini zilifuata umbo lile lile: kiunzi cha mbao, ngozi ya bati, sakafu iliyoinuliwa au msingi mwembamba. Kwa hivyo dawa yake ni moja.

ITAZAME KABLA HUJAIGUSA

Kosa kubwa tuliloliona ni haraka. Mtu apata pesa kidogo, aita fundi, na siku hiyo hiyo ukuta uko chini. Jioni hakuna anayekumbuka ubao upi ulikuwa wapi.

Anza na daftari. Chora nyumba kwa penseli, hata kama mchoro ni mbaya. Pima kila ukuta. Ukuta wa upande wa barabara uite A, unaofuata B, na kadhalika. Kisha kila ubao upewe nambari: A1, A2, A3. Usiandike kwa chaki, maana mvua ya usiku mmoja itafuta yote. Piga alama kwa patasi, au kata vipande vidogo vya kopo, uvitoboe nambari kwa msumari, uvigongomee kwenye ubao. Hiyo ndiyo mihuri ya Sears, bila Sears.

Halafu chukua bisibisi uchome mbao, hasa za chini. Ubao mzima hukataa. Ubao ulioliwa hupokea kama mkate. Gonga pia usikilize: ukilia kama ngoma, ndani mna uwazi. Katika nyumba ya yule mama wa Likoni tulichoma nguzo zote za ukuta. Kwa macho nyumba ilionekana imekwisha. Ilipohesabiwa, nguzo mbovu zilikuwa sita, nazo zote upande mmoja, pale ambapo maji ya paa yalikuwa yakimwagika ukutani kwa miaka.

BATI

Mzee mmoja fundi, ambaye amepanda mapaa ya Likoni tangu ujana wake, alitwambia: "Mwanangu, bati haliozi lenyewe, laozeshwa na tundu la msumari." Na kweli. Kutu huanzia mahali pawili, kwenye matundu na pale bati mbili zinapolaliana, ambapo chumvi ya bahari hukaa na unyevu haukauki. Msumari upigwe juu ya mgongo wa mkunjo, usipigwe bondeni, kwa sababu maji hupita bondeni. Uwe na washa ya mpira au ya lami chini ya kichwa chake. Msumari mtupu ni mlango wa maji.

Tena usikimbilie kutupa bati la kale. Bati nyingi za zamani zilikuwa nene kuliko hizi za dukani leo. Ukienda kununua mpya, kumbuka kwamba hesabu ya geji inakwenda kinyume: geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 30 ni nyembamba kuliko 28. Karibu na bahari, hiyo 32 ya bei nafuu itakuaibisha upesi. Heri ununue chache za 28 uzitie upande unaopigwa na upepo wa kusi, na zile za kale zilizo nzima uzihamishie upande wa pili.

Kutu ya juu juu isugue kwa brashi ya waya, uoshe kwa maji yasiyo ya chumvi, uache ikauke kabisa, kisha upake rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu. Wengi hupaka juu ya chumvi. Rangi hiyo hubanduka kabla ya mwaka kwisha, na lawama humwangukia mwenye duka. Maji ya kisima cha Kisauni mara nyingi yana chumvi pia, kwa hivyo ngojea mvua au nunua mitungi miwili ya maji matamu.

Usiache simiti au chokaa mbichi igusane na bati, kwani hula zinki. Shaba pia usiilaze juu yake.

Na umeme. Hili tunalisema kwa herufi kubwa ingawa mhariri hapendi: NYUMBA YA BATI LAZIMA IWE NA WAYA WA ARDHINI. Waya mkuukuu ukichunika na kugusa bati, ukuta mzima unakuwa moto wa umeme, na mtoto anayeegemea nje hana habari. Tafuta fundi mwenye leseni. Akikwambia haina haja, tafuta mwingine.

MBAO NA MCHWA

Nyumba hizi ziliinuliwa juu ya nguzo kwa sababu nyingi: hewa ipite chini, mafuriko yasiingie, na mchwa aonekane. Mchwa hapendi mwanga. Akitaka kupanda hujenga njia ya udongo, na njia hiyo ukiiona waweza kuivunja. Wajenzi wa zamani waliweka kofia ya bati juu ya kila nguzo, yenye ukingo ulioinama chini, ili mchwa alazimike kutoka nje kuizunguka. Watu wengi wamezing'oa kofia hizo wakidhani ni uchafu. Zirudishe. Na uvungu wa nyumba usiugeuze stoo ya kuni na magunia, maana hapo umemjengea mchwa ngazi.

Oili chafu ya gari watu huipaka sana kwenye mbao. Inasaidia kwa muda, lakini inanuka, inawaka, na ina sumu inayoingia ardhini na kisimani. Afadhali dawa ya mbao ya dukani, na mbao ngumu kwa vile vipande vinavyogusa chini: mbambakofi au mvule ukiweza, mkoko ukiruhusiwa. Za juu zaweza kuwa za bei rahisi. Usibadilishe nguzo nzima ikiwa imeoza futi moja ya chini tu. Kata pale palipo pazima, unganisha kipande kipya kwa kuzilaza mbao pande kwa pande, ufunge kwa bolti mbili. Mafundi wa majahazi hufanya hivyo kila siku.

Usizibe matundu ya hewa chini ya paa. Tumeona nyumba iliyozibwa yote kwa kadibodi kwa ajili ya mbu. Mbu walipungua kidogo, lakini saa nane mchana haikuingilika. Wavu ungetosha.

RANGI YA KALE NI SUMU

Hapa bara ya Mombasa hatuhitaji kuelezwa sana risasi ni nini. Wakaazi wa Owino Uhuru, Mikindani, waliugua kwa sababu ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kati ya 2007 na 2014. Walikwenda mahakamani, wakashinda mwaka 2020, wakapoteza kwenye rufani mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikawarudishia ushindi Desemba 2024. Sumu ile ile ya risasi iko kwenye rangi nyingi za zamani, na huumiza watoto zaidi, ubongo wao hasa.

Kwa hivyo rangi ya kale usiisugue kavu kwa msasa wala usiichome kwa moto. Ilowe kwanza, ikwaruze ikiwa majimaji, tandika turubai chini, watoto wapelekwe kwa shangazi siku hiyo, na maganda yafungwe vizuri yasiachwe uani kwa kuku. Kama rangi imeshika imara, ipakie nyingine juu uiache.

Na ukiona mabati ya kijivu yasiyo ya chuma, yanayovunjika kama sahani, huenda hiyo ni asbestosi. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006. Usiikate, usiitoboe, usiifagie. Waulize watu wa NEMA.

KIWANJA SI CHANGU

Sasa turudi kwa mama yetu. Wasomaji wa bara nyingine ya Kenya hushangaa tukiwaambia kwamba Mombasa mtu aweza kumiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake. Hiyo ndiyo nyumba bila ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwapa hati waliojitokeza kudai; wengi hawakujitokeza au hawakujua, na mashamba makubwa yakabaki na wachache. Wengine wakajenga kwa ruhusa ya mwenye shamba na kumlipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Nyumba ikauzwa, ikarithiwa, ikapangishwa, na kiwanja kikabaki cha yule yule. Mahakama zetu zimeitambua desturi hiyo. Shida ni pale mwenye kiwanja anapokufa na warithi wanapotaka kuuza.

Ndiyo maana wenye viwanja wengi hukataa mpangaji ajenge kwa mawe, na ndiyo maana nyumba ya mbao na bati, inayodharauliwa, ina faida moja ambayo ya mawe haina. Yaweza kufunguliwa ikahama. Ile ya Sears ilihitaji kiwanja cha mwenyewe kwa sababu ilipigwa misumari ikakaa milele. Ya kwetu afadhali ifanywe kama meli ya William Mackinnon.

Kwa hiyo tulimshauri hivi. Kwa kuwa anatengeneza, asitumie misumari kwenye viungo vikubwa, atumie bolti na nati, na skrubu kwenye mapao. Bolti ni ghali, lakini hufunguka. Kuta zigawanywe ziwe fremu za futi nne kwa nane, ambazo watu wawili wazibeba. Sakafu iwe vipande. Daftari la mchoro liwe nakala mbili, moja ikae kwa ndugu. Gharama haikuongezeka sana kuliko tulivyoogopa. Kilichoongezeka ni siku za kazi, na wanawe walizitoa.

Pili, makaratasi. Kabla ya kuanza apate ruhusa ya mwenye kiwanja kwa maandishi, ikisema kwamba mbao, bati na kila kilicho juu ya ardhi ni chake. Risiti za kodi ya kiwanja zisipotee hata moja. Za mdomo hazina nguvu. Akiambiwa ahame, ajue kwamba Sheria ya Ardhi ya 2012, baada ya marekebisho ya 2016, inataka notisi ya maandishi ya angalau miezi mitatu kabla ya watu kufurushwa kwenye ardhi ya mtu binafsi. Apeleke notisi hiyo kwa wanaotoa msaada wa sheria siku anayoipata, asingoje ya mwisho. Na tusisahau kwamba mambo hubadilika: shamba la Waitiki hapo Likoni, ekari 930, lilikuwa na ugomvi tangu 1997, na serikali ikalinunua na kuanza kugawa hati Januari 2016. Aliyekuwa na nyumba bila ardhi jana huenda akapata ardhi kesho. Huenda pia asipate.

Tulipomtembelea mara ya mwisho kuta A na B zilikuwa zimekwisha, nguzo sita zimebadilishwa, na gata mpya ya bati inapeleka maji ya paa kwenye pipa. Ukuta C ulikuwa chini uani, umepangwa kwa nambari, isipokuwa C14, ambao mjukuu wake alikuwa ameufanya daraja la kuvukia mtaro. Ulipatikana jioni hiyo hiyo, ukasuguliwa matope, ukarudishwa kwenye foleni yake.